Sentensi ya Kisu

Sentensi ile haikuwa ya Perlita Abueg peke yake. Nusu yake ilikuwa ya Nenita, shoga yake wa kanisani, mwanamke mwenye jibu kwa kila swali hata lile ambalo hajaulizwa. Walikuwa wameketi jikoni kwa Perlita, pale Stockton, asubuhi ya siku yake ya mapumziko, sahani ya mikate midogo ya pandesal ya moto katikati yao, na mbele yao fomu ya mahakama yenye kurasa nyingi kuliko kitabu cha sala za novena.

"Haya, soma ulichoandika," Nenita alisema.

Perlita akavaa miwani. "Mwanangu Jerwin ana miaka thelathini na moja. Ana ugonjwa wa skizofrenia. Haogi. Analala kwenye banda la gari, na madirisha ameyabandika karatasi za kung'aa ili sauti zisipite. Anaongea peke yake bafuni. Mwaka huu amelazwa kwa nguvu mara mbili, na mara zote mbili akitoka anaacha dawa. Naomba mahakama imsaidie." Akavua miwani. "Basi."

"Basi?"

"Basi nini tena? Si ndiyo hali yenyewe?"

"Shoga yangu, hiyo ni barua ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni." Nenita alimega mkate, akautia mdomoni, akaendelea kusema hivyo hivyo. "Umewapigia polisi mara ngapi kwa huyu kijana? Na kila ukipiga wanakuuliza nini?"

Perlita hakuhitaji kukumbushwa. Swali lile kila mzazi wa mgonjwa wa akili mjini alilijua kama Baba Yetu: je, ametishia kujidhuru au kumdhuru mtu? Ukisema hapana, unapewa pole na namba ya simu. Ukisema ndiyo, wanakuja. Basi wazazi wakawa wanafundishana jibu, kwenye ngazi za kanisa na kwenye vyumba vya kungojea hospitalini, mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, na wala hakuna aliyeona kuwa anafundisha uongo. Waliona wanafundishana njia.

"Lakini hii ni mahakama mpya," Perlita alisema. "Mahakama ya Matunzo. Karani kaniambia haimfungi mtu. Inampa daktari, na watu wa kumfuatilia, na chumba cha kulala."

"Mpya, mpya! Serikali si ile ile? Ile siku ya kisu umeiandika?"

"Kilikuwa cha samaki, Nenita. Alikuwa anaparua tilapia."

"Kisu alikuwa nacho au hakuwa nacho?"

"Alikuwa nacho."

"Akakugeukia?"

"Nilimpelekea kidonge. Akageuka, akasema, 'Nitolee hicho.'"

"Uliogopa?"

Aliogopa, ndiyo. Kwa muda wa kupepesa jicho tu aliogopa, na haya ya kumwogopa mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe ilimkaa rohoni tangu siku hiyo.

"Basi andika," Nenita alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Tia chumvi kidogo. Wasipoona hatari hawatakusoma hadi mwisho, nawajua mimi."

Perlita akaandika. Tarehe tisa Machi alinielekezea kisu akasema ataniua. Ilikuwa sentensi ya tatu katika aya ya sita. Chini ya ukurasa palikuwa na maneno yaliyopigwa chapa, kwamba atiaye saini anaapa kuwa yote ni kweli, na akigundulika amesema uongo atashtakiwa. Akatia saini kwa ule mwandiko wake mzuri wa shule ya masista. Msimhukumu upesi. Mfa maji haachi kutapatapa, na huyu alikuwa na miaka kumi na miwili majini.

* * *

Jambo ambalo Perlita hakulijua, na hakuna aliyefikiria kumwambia, ni kwamba ombi kama lile hapewi hakimu peke yake. Mtu anayeombewa naye hupelekewa nakala yake mkononi, ukurasa kwa ukurasa, asome alivyoandikwa.

Alhamisi moja alirudi kutoka kazini. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha, na alikuwa na sifa ya kuweza kummezesha dawa mzee yeyote, hata wale wanaouma vidole. Alimkuta Jerwin amesimama mbele ya nyumba, kavaa koti la baridi la marehemu baba yake katika jua lile, karatasi mkononi.

"Mama," Jerwin alisema. "Kumbe unajua kuandika hivi."

"Mwanangu, nilitaka upate msaada..."

"Haogi. Sawa, siogi. Karatasi madirishani. Sawa, zipo. Anaongea peke yake bafuni. Hiyo nayo sawa, ingawa ungeweza kubisha hodi." Akafunua ukurasa. "Nilisema nitakuua?"

Jirani wao aliyekuwa akimwagilia nyasi alifunga bomba ili asikie vizuri. Perlita alimwona, na uso ukamwaka moto.

"Tuingie ndani tuongee."

"Jibu hapa hapa. Nilisema?"

"Ulikuwa na kisu, Jerwin."

"Nilikuwa na samaki!" Sauti yake ilipasuka katikati. "Nilikuwa nakutengenezea chakula, Mama. Siku hiyo nilikuwa nimeamka vizuri. Mimi siku nilizoamka vizuri nazihesabu. Na hiyo ndiyo uliyoiandika."

Akaingia bandani, akatoka na blanketi, akashika njia ya mfereji. Perlita alimfuata hadi kona, akiwa bado na viatu vya kazini, akimwita. Hakugeuka. Jirani akafungua bomba lake tena.

Waswahili husema mdomo uliponza kichwa. Kwa Perlita ilikuwa kalamu, na kichwa kilichoponzwa hakikuwa chake.

* * *

Wiki tatu Jerwin alilala kando ya mfereji, kwenye matete, na katika wiki hizo tatu mtu aliyemweka Perlita hai alikuwa Lamar Pettway. Lamar alitumwa na kaunti kumtafuta Jerwin. Alikuwa bonge la mtu, mweusi, mcheshi, na hakuficha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulala kando ya mfereji ule ule enzi sauti zilipokuwa zikimtawala. Siku ya kwanza alimpelekea Jerwin kahawa, akamwagiwa kifuani. Siku ya pili akaenda na kahawa mbili na shati la akiba. Siku ya sita Jerwin akanywa.

"Mama Abueg," Lamar alisema kwenye simu, "yuko hai na anakula. Zaidi ya hapo sheria hainiruhusu kukuambia."

"Inatosha, mwanangu. Mungu akubariki, akubariki, akubariki."

"Ila ukipika kitu kikabaki, mimi huwa napita mtaani kwako saa tano."

Kila siku saa tano kikabaki kitu. Perlita alipika adobo, nyama ya kupikwa kwa siki, ya watu wanne, akafunga makopo mawili, moja akiandika Lamar na jingine haandiki jina. Makopo yalirudi matupu, yameoshwa. Hakuuliza nani ameyaosha. Aliyashika tu pale jikoni, akalia kwa shukrani, kwa sababu Lamar alishamwambia kwamba yeye nyumbani kwake haoshi vyombo.

Siku moja kabla ya kesi Lamar alipiga tena. "Kaniuliza kama mahakamani kuna viti."

"Viti?"

"Nimemwambia vipo. Kasema basi atakuja akae."

* * *

Chumba chenyewe hakikufanana na mahakama ya kwenye televisheni. Hakimu Lomeli, mama wa makamo aliyevaa sweta ya kijani, alikuwa amekaa meza moja na watu wengine, bila joho, kikombe cha chai mbele yake. Kesi za namna ile husikilizwa faraghani, kwa hiyo Nenita aliachwa koridoni, akinung'unika kwamba amefunga kibanda chake cha kushona bure.

Jerwin alikaa kati ya Lamar na wakili wake, dada mmoja mwembamba aitwaye Shirin Daneshvar. Alikuwa amekonda. Lakini nywele zilikuwa zimekatwa, na shati lilikuwa jipya, la saizi ya Lamar, likimning'inia mabegani. Hakumtazama mama yake.

"Bi Abueg," hakimu alisema, "nakushukuru kwa kuleta ombi hili. Najua si rahisi. Kwa utaratibu wetu, kuanzia leo kaunti inachukua nafasi yako kama mwombaji. Wewe si sehemu ya kesi tena."

Perlita alikuwa na kurasa tatu alizoandika kwa ajili ya siku hiyo. Alizikunja mara mbili, akazitia mkobani. "Lakini mimi ni mama yake, Mheshimiwa."

"Na utabaki kuwa mama yake. Ila kukaa humu ni hiari ya Jerwin." Akamgeukia. "Jerwin, mama yako abaki?"

"Hapana," Jerwin alisema.

Neno lile lilikuwa fupi na lilisemwa kwa adabu. Perlita akainuka, akagonga goti kwenye meza, akaomba radhi kwa meza, akatoka.

* * *

"Wamekufukuza?" Nenita aliruka. "Wewe uliyeleta kesi?"

"Kaa chini, Nenita."

Wakakaa. Nusu saa ikapita, Perlita akivuta shanga za rozari bila kujua yuko kwenye fumbo lipi. Kisha mlango ukafunguka, akatoka yule wakili.

"Bi Abueg, mimi ni wakili wa Jerwin, si wako. Nisingeongea nawe, lakini amenituma." Alisema taratibu, kama mtu abebaye bakuli lililojaa. "Amekubali karibu kila kitu. Daktari. Sindano ya kila mwezi badala ya vidonge. Lamar amfuatilie. Kuna nyumba ya watu sita yenye chumba kimoja kitupu, wamemshikia hadi leo jioni. Lakini anasema hatasaini karatasi inayolala kwenye jalada moja na sentensi ya kisu. Anasema, kama ni kweli, mama aje aiseme mbele yangu. Kama si kweli, aje aseme vile vile."

Perlita akaanza kuinuka.

"Na kabla hujasema neno," wakili akaongeza, "uliapa pale. Ningekuwa wewe ningetafuta wakili kwanza. Nakungoja dakika kumi."

Mlango ulipofungwa tu, Nenita akamshika mkono. "Usithubutu! Sikiliza, watakufunga. Na kama hawakukufunga, cheti chako cha kulea wazee kitakwenda, nani atampa mzee wake mtu aliyeapa uongo? Utakula nini? Halafu, mbaya zaidi, wakisikia hakuna hatari si watasema basi, hana neno huyu, mwacheni arudi mferejini?"

Hayo ya kifungo na cheti yalimgusa Perlita, si kwamba hayakumgusa. Lakini la mwisho ndilo lililomzidi. Akisema kweli, huenda kesi ikaanguka, na chumba kikaenda kwa mwingine. Asiposema, Jerwin hasaini, na chumba kinakwenda vile vile. Aligeuza huku na huku, akaona njia zote mbili zinaishia kwenye matete. Tofauti ilikuwa moja tu. Katika njia moja kijana angerudi kule akijua kwamba mama yake anaamini ni muuaji.

"Njia ya mwongo fupi, Nenita. Mimi yangu imefika mwisho."

Macho ya Nenita yakajaa machozi ghafla. "Basi waambie ni mimi niliyekushauri. Niandike jina langu nami. Sikutaka mabaya, Perlita. Haki ya Mungu, mpwa wangu ndivyo alivyopata kitanda, kwa maneno hayo hayo."

"Najua, shoga. Lakini mkono ulioandika ni huu." Akamwachia rozari, akabisha hodi mlangoni.

* * *

Hakimu alimsimamisha kabla hajaanza. "Bi Abueg, unaelewa kwamba unachotaka kusema kinaweza kukuletea matatizo? Una haki ya kunyamaza."

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Kunyamaza sijawahi kujua."

Lamar akatazama dari ili asicheke.

"Aya ya sita, sentensi ya tatu. Si kweli. Mwanangu alikuwa anaparua samaki. Mimi nikamwendea na kidonge, kwa nyuma, bila kusema, kama ninavyowafanyia wazee wangu kazini. Akageuka. Kisu kilikuwa mkononi kwa sababu samaki alikuwa mkononi. Akasema nitolee hicho. Basi. Akakiweka kisu kwenye sinki. Hakusema ataniua. Hajawahi kusema hivyo maisha yake yote, hata alipokuwa mbaya kabisa, hata wale waliomo kichwani mwake walipomwambia mimi si mama yake." Alishika ukingo wa meza. "Niliandika kwa sababu miaka yote nimeambiwa bila hatari hakuna msaada. Nilijua nyinyi pia mtaniuliza, ametishia mtu? Nikawahi kujibu."

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwenye sweta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Sheria ya mahakama hii haiulizi kama mtu ni hatari," alisema mwishowe. "Inauliza kama ni mgonjwa, kama anazidiwa, kama msaada huu utamfaa. Mengine yote uliyoandika yalitosha."

"Yalitosha?"

"Yalitosha, mama. Ungeishia sentensi ya pili tungekutana hapa hapa."

Perlita alimtazama yule mama, akamtazama Lamar, akamtazama wakili. Wiki tatu za matete, mbu na blanketi lililolowa, kwa sentensi ambayo hakuna aliyeihitaji! Alitaka kucheka, akajikuta analia, kilio kibaya cha kamasi, mbele ya watu wenye vyeo, na hakuwa na hata kitambaa. Wakili akamsogezea boksi la karatasi laini.

"Kiapo si mchezo," hakimu aliendelea, na sauti ilikuwa kali sasa. "Sitaki kuona hivi tena kutoka kwako wala kwa rafiki zako wa kanisani, na naomba uwaambie. Kumbukumbu itaonyesha kwamba umesahihisha mwenyewe, kwa hiari, kabla uongo huo haujamwumiza mtu. Sentensi ifutwe."

"Umeniumiza mimi," Jerwin alisema.

Kila mtu akageuka. Hakimu Lomeli akaweka kalamu chini.

"Ni kweli. Nimekosea mimi hapo. Umekuumiza wewe, nayo iandikwe hivyo."

Jerwin akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyelipwa chenji sahihi baada ya kuzoea kupunjwa. Perlita akamgeukia. Maneno aliyoyapanga njiani kutoka korido yalikuwa yamekimbia yote.

"Nisamehe, mwanangu. Ulinipikia nikakushtaki."

Jerwin aliinamisha kichwa. Alikuwa akisikiliza kitu, pengine mama yake, pengine wale wengine, na wote wakamngoja, maana ndiyo kazi ya chumba kile. Halafu akasema, "Na samaki wenyewe ulikula. Wote wawili. Hilo hukuandika."

Lamar akashindwa. Kicheko chake kilijaa chumba kizima, na hakimu akajificha nyuma ya kikombe.

"Nilikula," Perlita alisema huku akipenga kamasi. "Walikuwa watamu."

"Haya," hakimu alisema. "Tuna mpango wa kusaini. Jerwin, nakuuliza tena kama nilivyokuuliza mwanzo. Mama atoke au abaki?"

Perlita alikwisha kushika mkoba. Alikuwa tayari kutoka na wala asilalamike. Kusamehewa nusu kulimtosha, na hiyo nusu angeibeba hadi nyumbani kama yai.

"Akae," Jerwin alisema. Akafikiri. "Lakini asiseme kitu."

"Bi Abueg?"

Perlita akafungua mdomo kusema ndiyo, akakumbuka, akaitikia kwa kichwa. Akakaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango.

Basi akamsikia mwanawe akisema. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akimsemea, kwa madaktari, kwa polisi, kwa padri, kwa jirani mwenye bomba, na hakujua kwamba kijana bado anaweza kupanga maneno namna ile. Jerwin alitaka chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Alitaka sindano apigwe mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ni wa kazi. Alitaka Lamar aje Jumanne, si Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu sauti huwa na kelele. Kila alichosema kiliandikwa. Hakuna aliyemkatiza. Perlita alimshukuru Mungu, akamshukuru hakimu, akawashukuru hata waliotengeneza viti vile.

"Swali la mwisho kwenye fomu ya daktari," hakimu alisema. "Umeumwa tangu lini?"

Jerwin alitazama mikono yake. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kulikubali neno lile la kuumwa. Kwake, wengine ndio walioumwa, yeye alikuwa mzima, na mtu aliyemwambia tofauti alitupiwa kilichokuwa karibu.

"Nimeumwa," alisema, "miaka mitano."

Ilikuwa kumi na miwili. Perlita aliijua kwa mwezi na kwa siku. Ilianza Jumapili ya Matawi, wakiwa wanatoka kanisani. Mdomo wake ukafunguka wenyewe. Jerwin akageuza shingo na kumtazama, kwa mara ya kwanza siku ile, macho kwa macho.

Perlita akafunga mdomo.

"Mitano," hakimu akarudia, akaandika.

Mitano, Perlita alisema moyoni, machozi yakimtiririka. Iwe mitano, mwanangu. Ile kumi na miwili niliisema mimi, na hii umeisema wewe.